Akii-Bua: bingwa aliyeponea Kenya

Wazee wa Shinyanga na Geita hawajasahau Vita vya Kagera. Watakusimulia habari za nduli Idi Amin wa Uganda, mgambo walioitwa kutoka vijijini, magari ya watu binafsi yaliyochukuliwa kubeba askari, na ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoitangaza Mwalimu Nyerere. Lakini jina la John Akii-Bua ni nadra kulisikia kwenye simulizi hizo, na naona tumempunja. Mwaka 1979, majeshi yetu ya Tanzania yakiikaribia Kampala, bingwa huyu wa Olimpiki alikuwa anaikimbiza familia yake Kenya.

Akii-Bua alikuwa polisi, Mlango, yaani mtu wa kabila la Lango la kaskazini mwa Uganda. Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, alimfundisha mbio za mita 400 kuruka viunzi, na mazoezini alikuwa akikimbia amevaa fulana iliyotiwa vyuma. Tarehe 2 Septemba 1972, fainali ya Olimpiki ya Munich, akapangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake humtesa mkimbiaji mrefu kama yeye. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwepo David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia. Hemery aliondoka kwa kasi. Walipoingia sehemu ya mwisho iliyonyooka, Mganda akampita. Sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya 48 kabla yake. Alipomaliza hakusimama, aliendelea kuuzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha, watu wakimshangilia.

Nyumbani alipandishwa cheo, akapewa nyumba, na barabara ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Walango na Waacholi walikuwa wanauawa na utawala wa Amin, na Amin huyohuyo akawa anamtaja Akii-Bua kama mfano wa Mlango anayeneemeka. Kila sifa aliyomwagiwa ilimfanya aonekane mtu wa serikali. Mwaka 1976 alikosa hata nafasi ya kutetea medali: nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Mkimbiaji wetu Filbert Bayi naye aliikosa michezo hiyo. Huko Montreal, Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi ya Akii-Bua.

Basi Amin alipoanza kuanguka, sisi tukishangilia, bingwa alikuwa na hofu ya pande mbili. Kwa Amin alikuwa Mlango. Kwa waliokuwa wanakuja angeweza kuhesabiwa kibaraka. Sitamlaumu kwa kukimbia. Kenya ilimpokea kambini, mkimbizi kama wengine, mpaka kampuni ya Puma, ambayo viatu vyake ndivyo alivyovaa Munich, ilipomtoa na kumpa kazi Ujerumani. Mwaka 1980 alikwenda Moscow kukimbia tena kwa niaba ya Uganda, lakini hakufika fainali.

Miaka michache baadaye alirudi kwao, akavaa tena sare ya polisi na kufundisha vijana riadha. Alifariki Kampala mwezi Juni 1997, akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima zote za kitaifa. Uganda haikupata dhahabu nyingine ya Olimpiki hadi mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London.