Maji yanayoanguka Nyawera yanatuambia nini

Kwenye miteremko ya Nyawera inayoshuka kuelekea mto Kawa kuna vijito ambavyo mwezi wa saba hata hutavitambua: mfereji mkavu, mawe meusi, mifuko ya plastiki. Mwezi wa tisa mvua ikirudi, juu ya yale mawe maji yanaanguka mita mbili ao tatu, na watoto wanakuja kuoga. Hakuna mtalii atapiga picha pale. Mimi naona panastahili kueleweka.

Mawe yale ni lava. Bukavu kwa sehemu kubwa imekaa juu ya lava za zamani, za mamilioni ya miaka, si kama zile za Nyiragongo kule Goma. Lava ikikaa muda mrefu kwenye mvua na joto inaoza, inageuka udongo mwekundu wa mfinyanzi. Lakini haiozi sawasawa. Penye jiwe gumu maji yanashindwa kuchimba. Mbele yake, kwenye udongo laini, yanachimba kila msimu. Ndipo ngazi inapatikana.

Sasa, juu ya nini yanaisha haraka hivyo? Mlima wenye miti unakunywa mvua na kuitoa pole pole, majuma mengi. Mlima wetu umefunikwa na manjanja na udongo uliokanyagwa. Mvua ya saa moja inashuka yote mara moja, kijito kinanguruma, kesho asubuhi ni uzi tu. Na plastiki yote inaenda Kawa, inaingia ziwani, inafika kwenye bwawa la Ruzizi I la miaka ya 1950 na kuziba mitambo. Halafu tunauliza umeme uko wapi!

Kiswahili kinaita maporomoko yale ya maji na yale ya udongo pia. Mfinyanzi ukishiba maji unateleza. Watu wa Funu, kule Kadutu, wanaishi juu ya mlima unaotembea kidogo kidogo: nyufa kwenye ukuta, mlango haufungi tena.

Kwa sisi tunaokaa karibu na kijito, alama kubwa ni hii: mvua inapiga kwa nguvu lakini maji yanapungua ghafula. Usifurahi. Pengine huko juu udongo umeanguka na kuziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Kizuizi kikipasuka, matope na mawe vinashuka pamoja. Amsha jirani, toka kando, panda juu; usikimbie kwa kufuata bonde.

Mwenye kutafuta kichwa cha TFC, anza na bidoni ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 10, kijito kinatoa lita 2 kwa sekunde. Pima mvua ikiisha kukatika, kesho yake, keshokutwa, mpaka kiangazi. Utaona ni siku ngapi mlima wetu bado unaweza kushika maji.