Jeraha Halitoshi Kuwa Kesi

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliochangia jina la kwanza walipangiwa upasuaji. Mmoja aliumwa kichwa, mwingine goti. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, madaktari walifungua fuvu la mgonjwa asiye mhusika, wakaja kushtuka wakiwa kazini kwamba bonge la damu walilolifuata halimo. Mambo kama haya hayahitaji maelezo mengi mbele ya jaji. Wanasheria husema tukio linajieleza lenyewe: lisingetokea bila uzembe, basi hospitali ndiyo ijieleze.

Wengi wanaoumia hawaumii hivyo. Kidonda cha upasuaji kimeoza. Mtoto alizaliwa bila kulia, na sasa ana miaka miwili hajaweza kukaa. Ndugu wanasema "wametuharibia mtoto", na uchungu wao ni wa kweli, ila mahakama haiulizi kama umeumia. Inauliza nani alikuwa na wajibu wa kukuangalia, alikosea wapi chini ya kiwango cha kazi yake, na kama kosa hilo ndilo lililokuumiza. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu aliyefika hospitali tayari alikuwa mgonjwa, na upande wa pili hautachoka kulikumbusha hilo.

Na kiwango chenyewe anakiweka nani? Mwaka 1957 mahakama moja ya Uingereza iliamua kesi ya Bolam, mgonjwa wa akili aliyetibiwa kwa shoti ya umeme bila kupewa dawa ya kulegeza misuli, akavunjika nyonga. Alishindwa, maana walikuwapo madaktari wenye sifa waliotibu vivyo hivyo. Kwa ufupi, daktari anapimwa kwa daktari mwenzake, na mahakama za Kenya zimekitumia kipimo hicho mara nyingi. Kwa hiyo, pale ambapo tukio halijielezi lenyewe, bila daktari wa kukutolea ushahidi ni nadra kuwa na kesi, na katika nchi ambazo mabingwa wa fani moja wanafahamiana kwa majina tangu chuoni, kumpata wa kusimama dhidi ya mwenzake ni kazi. Uingereza yenyewe ililegeza kamba mwaka 2015 katika kesi ya Montgomery: kuhusu kumweleza mgonjwa hatari za matibabu, haitoshi tena daktari kusema wenzake nao wangenyamaza.

Uzembe hauishii hospitali. Kwa bidhaa mbovu, mlango ulifunguliwa na chupa ya soda ya tangawizi. Agosti 1928, katika mkahawa mmoja wa Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa soda na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, huoni ndani. Alishakunywa kiasi, rafiki alipomimina iliyobaki, mabaki ya konokono aliyeoza yakaelea juu. Aliugua. Lakini hakuwa yeye aliyelipa, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote pale. Mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mlaji wa mwisho, hata kama hawajawahi kuonana. Kinachonichekesha ni kwamba konokono huyo hakuwahi kuthibitishwa. Kesi iliishia kwa maelewano kabla ya ushahidi kusikilizwa. Leo Kenya imeiweka haki ya fidia kwa bidhaa na huduma mbovu ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 46. Ila ukishaitupa chupa, ikaenda na namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, ibara hiyo haitakufaa sana.

Muda nao una sheria zake. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, Tanzania na Kenya. Lakini Kenya, unapoishtaki Serikali, muda ni miezi 12 tu. Tanzania lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Naona muda huo wa Kenya ni dhuluma ya wazi: mama aliyejifungulia hospitali ya serikali, kwa kuwa hana pesa, ndiye anayepewa muda mfupi wa kutafuta wakili, na mwaka wenyewe unaishia kliniki na mtoto mgongoni.

Ndiyo maana wakili anayejua kazi haanzi na kiasi cha fidia. Anaanza na faili. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinampa mtu haki ya kuziona taarifa zake. Omba kwa maandishi, mapema, ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri. Katika kesi ya uzazi wakili ataitafuta chati ya uchungu, ile karatasi yenye vijisanduku ambamo mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa. Atapitisha kidole kuanzia saa mama alipopokelewa, akitafuta mahali ambapo nukta zinakatika usiku na kuanza tena asubuhi.