Virusi vinaingiaje kupitia tovuti unayoiamini?

Msikilizaji mmoja alituandikia baada ya kipindi: "Mimi sifungui tovuti za ovyo, nasoma habari tu. Mbona kompyuta ya nyumbani imeingia virusi?"

Ukifungua ukurasa wa gazeti, si kila unachokiona kimetoka kwa gazeti hilo. Habari ni zao, lakini matangazo ya pembeni mara nyingi huletwa na kampuni nyingine, nayo imeyapokea kwa wengine. Ni kama gulioni: mwenye uwanja unamjua, aliyetandika bidhaa pale kona hujui katoka wapi.

Machi 2016 wahalifu walipita hapo. Walipenyeza matangazo yenye programu hatari, yakaonekana kwenye tovuti kubwa zikiwemo za New York Times, BBC na MSN. Msomaji hakuhitaji hata kubonyeza. Tangazo lilimpeleka kimyakimya kwenye mtambo wa wahalifu ulioitwa Angler, ambao kazi yake ilikuwa kupekua kompyuta kutafuta programu zilizopitwa na wakati, kama Adobe Flash. Ukipata tundu, unapandikiza virusi. Vipo vya aina ya kufunga mafaili yote, picha za harusi na barua za shule, kisha vinadai pesa.

Kwa hiyo kuchagua tovuti nzuri kunasaidia, lakini hakutoshi. Kinachoziba tundu ni masasisho, au apdeti kama tulivyozoea. Na hapa ndipo wengi wetu vijijini tunakwama, kwa sababu apdeti hula bando. Hatuwalaumu, sisi wenyewe hapa studio tumewahi kuzizima mwisho wa mwezi. Tena Windows ikijua intaneti unayotumia ni ya kupimwa, huahirisha baadhi ya apdeti bila wewe kuzizima. Ukienda mjini na laptopu, mahali penye Wi-Fi unayoiamini, ingia kwenye mipangilio uangalie kama kuna apdeti zinazosubiri. Kama bando ni dogo, anza na kivinjari, yaani Chrome au Firefox, maana ndicho kinachokutana na matangazo.

Wenye Windows 10, jueni kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Uliza fundi kama mashine yako inaweza kupokea Windows 11.

Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows ni ya bure, msiizime. Likitokea tangazo linalopiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi na upige namba fulani, usipige. Funga kivinjari, kikigoma, zima mashine.

Mafaili muhimu yanakilini kwenye flashi, kisha muichomoe na kuiweka kabatini. Ikibaki imechomekwa, virusi vikifunga mafaili ya kompyuta vitafunga na ya kwenye flashi pia.