Uchumi wa Kati: Mbona Mfukoni Hauonekani?

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia kundi la nchi za uchumi wa kati, ngazi ya chini. Labda ulisikia redioni ukajiuliza: mbona kwetu jioni ile tulikula ugali uleule? Swali zuri hilo, usilionee aibu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Unachukua pato lote la nchi kwa mwaka, unaligawa kwa idadi ya watu. Kwa mwaka 2019 Tanzania ilipata dola 1,080 kwa kila mtu. Mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44!

Sasa twende soko la samaki Bagamoyo, asubuhi wakati wa mnada. Tuseme wapo wauzaji kumi. Tisa wamepata shilingi 5,000 kila mmoja. Wa kumi, mwenye boti ya mashine, amepata 455,000. Jumlisha, gawanya kwa kumi: kila mtu ana 50,000. Haya, nani kati yao anayo hiyo 50,000 mfukoni? Hakuna hata mmoja. Huo ndio wastani.

Tena hesabu inategemea umehesabu nini. Septemba 2014 Kenya ilikokotoa upya pato lake la taifa, likaonekana kubwa zaidi kwa kama robo, nao wakaingia uchumi wa kati. Hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri. Zile shughuli zilikuwepo, ila hazikuhesabiwa vizuri. Na bibi yako anayekesha na mjukuu mwenye homa? Kazi yake haimo kwenye pato la taifa hadi leo, maana hakuna anayemlipa.

Wapo waliochoshwa na mambo haya. Mwaka 1990 mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, akishauriana na Amartya Sen wa India, alianzisha kupitia Umoja wa Mataifa kipimo cha maendeleo ya binadamu. Hicho hutazama mambo matatu: watu wanaishi miaka mingapi, wamesoma kiasi gani, na pato lao. Ni afadhali sana. Lakini ukitaka namba moja tu ya kulinganisha nchi na nchi, mimi ningechagua hii: kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wangapi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano?

Kwa nini hiyo? Ndani yake mna maji safi, chandarua, chanjo, zahanati iliyo karibu na elimu ya mama. Halafu si rahisi kudanganywa na tajiri mmoja. Anaweza kuwa na pesa za watu elfu, lakini mtoto wake huhesabiwa mmoja tu. Tazama Guinea ya Ikweta. Wana mafuta, na pato lao kwa kila mtu ni mara kadhaa ya letu. Hata hivyo, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watoto wao wanakufa kwa kiwango kikubwa kuliko wa Tanzania.

Hapa kwetu wadodosaji hupita nyumba kwa nyumba wakiwauliza kina mama habari za kila mtoto waliyemzaa. Utafiti wa 1999 ulipata vifo 147 kwa kila watoto 1,000. Ule wa 2022 ulipata 43. Sehemu kubwa ya safari hiyo tuliifanya tukiwa bado tunaitwa nchi ya kipato cha chini.

Bagamoyo ina mchango wake pia. RTS,S na R21, chanjo za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023, zote zilijaribiwa pia kwa watoto wa hapa kupitia Taasisi ya Afya Ifakara.

Lakini 43 ni darasa zima, hebu hesabu madawati. Na hiyo nayo ni wastani, kama ule wa mnadani. Kata yenu ikoje? Muulizeni mganga wa zahanati watoto wa huko wanaugua nini zaidi, na mama anatembea saa ngapi kumfikisha mgonjwa.