Kuni za Mkaratusi

Kwetu Kanama, katika milima iliyo mashariki ya mji wa Gisenyi, kuni za nyumba nyingi ni za mkaratusi, ambao kwa Kinyarwanda tunauita inturusu. Asili yake ni Australia, nao uliletwa Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu wa asili wa Gishwati, ulio jirani yetu, ulikatwa sana, hasa miaka ya 1980 na baada ya 1994. Mabaki yake sasa ni hifadhi ya taifa, wala hapana ruhusa kukata kuni humo. Basi tegemeo letu ni mkaratusi.

Wengi hulalamika kwamba mti huu una moshi. Mimi nasema kosa si la mti, bali ni la haraka yetu. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto hushughulika kwanza kuyachemsha maji hayo, na chungu cha maharagwe hungoja. Utaona povu likitoka nchani mwa ukuni, na moshi ukijaa jikoni. Moshi huo huwadhuru macho na vifua mama zetu, pamoja na watoto wadogo wanaokaa nao.

Yafaa kufanya hivi. Kwanza, pasua magogo yangali mabichi, kwa maana mkaratusi ukikauka huwa mgumu, na shoka hudunda. Pili, zipange kuni juu ya mawe, zisiguse udongo, upepo upite katikati; kisha zifunike juu tu, kwani mvua ya kwetu ni nyingi. Ziache miezi kadhaa. Tatu, zijaribu: ukuni mkavu ni mwepesi, ncha zake zina nyufa, na ukigonganisha viwili hulia kwa sauti kali.

Kisiki nacho kising'olewe. Kikate chini, kwa mshazari, maji yasituame juu yake. Kitachipua tena, chagua machipukizi mawili au matatu yaliyo bora, mengine uyaondoe. Ila usipande mikaratusi karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi.

Ndugu wanafunzi, likizo ijayo msingoje mama aseme kuni zimekwisha. Pasueni mapema za miezi ijayo. Nanyi mliotutangulia shuleni, mlio na mashamba, tunzeni visiki vyenu.