Herufi Kubwa na Ng'ombe wa Bunda

Hivi herufi kubwa ni pambo tu, au ina maana? Sisi wanafunzi wa fasihi swali hili tunalipuuza, tukidhani ni kazi ya wapiga chapa. Makala hii fupi inajaribu kulijibu kwa msaada wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Tuchukue maneno haya: ng'ombe wa bunda. Mwandishi alikusudia mji wa Bunda, mkoani Mara, akasahau herufi kubwa. Python ina amri za kurekebisha. Amri title() huanza kila neno kwa herufi kubwa. Lakini kwake ritifaa ni mpaka wa neno, basi inatoa Ng'Ombe Wa Bunda. Amri capitalize() hukuza herufi ya kwanza tu na kushusha nyingine zote: Ng'ombe wa bunda. Sasa mji wa watu umekuwa bunda la noti!

Dawa ni kuchagua herufi yenyewe. Python huhesabu kuanzia sifuri, ritifaa na nafasi zikiwemo. Kwa hiyo b tunayoitaka ni namba 11. Tena, maandishi yakishahifadhiwa hayabadilishwi humo humo, huundwa mapya kwa kuunga vipande:

s = "ng'ombe wa bunda"
s = s[:11] + s[11].upper() + s[12:]

Hapo tunapata ng'ombe wa Bunda.

Musoma na Butiama hazina taabu hii, maana hazina pacha katika maneno ya kawaida. Taabu ni Mara yenyewe. Ukiiagiza mashine igeuze kila "mara" kuwa "Mara", hata "imara" itatoka "iMara". Na "mara mbili nimefika mara" je? Ni msomaji tu anayejua ipi ni mkoa.

Hapo ndipo uhakiki unapoingia. Tenzi za kale, kama Utenzi wa Tambuka wa 1728, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo hazina herufi kubwa. Kila herufi kubwa tunayoiona katika matoleo ya hati za Kilatini ni uamuzi wa aliyeyaandaa: hili ni jina, lile ni neno la kawaida. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ni tafsiri. Mhakiki asiyeuchunguza anamsoma mhariri, huku akidhani anamsoma mshairi.