Kikohozi ya mine na VIH: utafiti wa Afrika ya Kusini unatufundisha nini?

Mu cité za wachimbaji, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, hii habari inajulikana. Baba anarudi ku kazi, anakohoa. Mama anasema ni vumbi. Jirani anasema ni baridi ya usiku. Miezi inapita, nguo zinakuwa kubwa mu mwili, kiisha watu wanaanza kusemea chini-chini neno moja: Sida. Hapo njo baba anaogopa kwenda ku lopitali, juu anafikiri akipimwa damu, kazi imeisha.

Juu ya woga ule, sisi tunaleta leo habari ya utafiti mmoja mkubwa uliofanyika mu mine za dhahabu za Afrika ya Kusini. Kule kampuni, Serikali, sendika na waganga walikaa ku meza moja. Kile walichokuwa wanatafuta hawakukipata. Lakini kile walichokipata kinatuhusu sisi pia.

Hatari mbili zinazozidishana

Tufahamu ugonjwa kwanza. Kifua kikuu kinaletwa na mdudu mdogo sana anayepita mu hewa. Watu wengi wako naye mu mwili, lakini amelala, juu mwili unamlinda. VIH inavunja ule ulinzi. Na vumbi ya mawe, ile ya silika, inaharibu mapafu pole pole mpaka inaleta silikozi. Mu mwaka 2000, waganga waliochunguza wachimbaji wa Afrika ya Kusini walionyesha kama mtu mwenye VIH na silikozi pamoja, hatari yake siyo ya kujumlisha, ni ya kuzidisha.

Kampuni pia ziliona hasara. Mu Agosti 2002, Anglo American ilitangaza kama itawapa wafanyakazi wake dawa za VIH (ARV) bila malipo, wakati Serikali ya kule ilikuwa haijaanza mpango wake wa nchi nzima. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kifua kikuu kiliendelea kuua mu mine.

Kila mmoja alileta kitu

Basi kuanzia 2006 utafiti uliitwa Thibela TB. Thibela, mu lugha ya Kisotho, maana yake ni kuzuia. Kampuni za dhahabu zilifungua mine na lopitali zao. Baraza ya afya na usalama wa mine, mule Serikali, wenye mine na sendika wanakaa pamoja, ilitoa franga kupitia kamati yake ya utafiti. Fondation ya Bill na Melinda Gates ilitoa zingine. Taasisi Aurum ya Johannesburg iliongoza kazi.

Wachimbaji 78 744 waligawanywa mu vikundi 15. Mu vikundi 8, kila mfanyakazi alipewa nafasi ya kumeza izoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu, kila siku kwa miezi 9. Vikundi 7 vilibaki na matunzo ya kawaida. Sisi tunapenda sana jambo moja: dawa ilikuwa ya bote, mwenye VIH na asiye nayo. Kwa hiyo mtu akionekana na kidonge, hakuna aliyeweza kusema huyu ni mgonjwa wa nini. Wachimbaji zaidi ya 23 000 walianza kumeza.

Matokeo yalitoka mu 2014. Wakati watu walikuwa wanameza dawa, kifua kikuu kilipunguka zaidi ya nusu. Walipoacha, ulinzi uliisha mbio. Na ukitazama mine nzima, hakukuwa tofauti na zile ambazo hazikupewa.

Wengine watasema: basi franga zilienda bule. Sisi hatuoni vile. Kazi ile ilionyesha kama kidonge peke yake, kwa muda mfupi, hakiwezi kushinda mahali VIH na vumbi bado viko. Na wenye kampuni hawakuficha jibu ambalo halikuwapendeza. Lilichapishwa, kila mtu alisoma.

Kutoka kila siku mpaka mara moja kwa juma

Aurum haikuacha. Utafiti wake mwingine, uliotoka 2021, ulifanyika Afrika ya Kusini, Ethiopia na Msumbiji, na watu wenye VIH waliokuwa wanameza ARV. Wamoja walimeza izoniazidi kila siku kwa miezi 6. Wengine walimeza dawa mbili, izoniazidi na rifapentini, mara moja kwa juma, majuma 12. Kwa watu 100 wa kila siku, 50 tu njo walimaliza. Kwa watu 100 wa mara moja kwa juma, 90 walimaliza.

Ilibaki bei. Mu Oktoba 2019, kampuni Sanofi ilipatana na Unitaid na Fonds mondial: rifapentini ya matunzo ya miezi 3 ilishuka kutoka dola 45 mpaka dola 15 kwa lopitali za serikali mu nchi maskini. Hapo tena, kampuni peke yake haingefanya, na Serikali peke yake haingeweza.

Na sisi huku?

Tusisahau kitu kimoja: utafiti haufuti deni ya vumbi. Mu Julai 2019, tribinali ya Johannesburg ilikubali mapatano ya randi miliari 5 kwa wachimbaji waliopata silikozi na kifua kikuu, na kwa familia zao.

Huku kwetu mine ziko nyingi, na kampuni nyingi ziko na waganga wao. Lakini bacreuseurs wanaoshuka mu shimo bila munganga wa kampuni, wataingia mu hesabu ya nani? Sendika waulize. Wenye cooperative waulize. Kama utafiti utakuja huku, wakae ku meza mbele ya kuanza, siyo kiisha.

Na wewe baba unayekohoa majuma mawili, nenda ujipimishe. Kama uko na VIH, usingoje hata majuma mawili, na umuulize munganga juu ya dawa ya kuzuia kifua kikuu. Sheria n° 08/011 ya 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wenye VIH, hata ku kazi. Kifua kikuu kinapona. VIH inatunzwa. Mama, umsindikize.